Kizibo cha Kushoto

Sikio hili hili linalonilisha mchana,
pale kibarazani nyuma ya soko kuu la Moshi,
ninapoinamia saa ya mteja
na kusikia jino moja la gurudumu limelika,
ndilo linaloninyima lepe usiku.

Aikande, mke wangu, hulala kama pono.
Akigusa mto, amekwisha kwenda.
Mimi nabaki, na Pasua yote inanijia kitandani:
pampu ya mzee Kisamo ikikohoa, ikitafuta maji,
mbwa wa huku wakibishana na wa ng'ambo ya mfereji,
spika ya baa, mdundo wake tu,
maana maneno yalichoka njiani.
Na mabati. Baridi ya mlimani ikishuka, saa saba,
yanalia ta, ta,
kama mtu anayealisha vidole kwa mawazo.

Ni ya ukoo. Baba alikuwa akimsikia panya
akikusudia tu.

Nilijaribu pamba, ikaniwasha.
Nilijaribu maziwa ya moto.
Nikajaribu kuhesabu migomba ya kihamba cha babu,
mgomba kwa mgomba, taratibu,
nikafika mpakani
nikaanza kugombana na jirani hadi alfajiri.

Jumamosi nikaingia duka la dawa karibu na stendi.
Nikasema kwa sauti ya chini, kama anunuaye kitu kingine,
"Vizibo. Vya masikio."
Dada Eliainenyi akageukia stoo, akapaza:
"Vile vya masikio vimebaki?"
Foleni nzima ikaniangalia masikio.

Elfu mbili. Viwili, sponji, rangi ya chungwa.
Unakiviringa kama tonge,
unakisukuma, unangoja kivimbe.

Pasua haikuondoka ghafla.
Iliondoka kama muuza duka anayefunga,
ubao mmoja, ubao wa pili:
mbwa, baa, pampu,
mwisho mabati.
Nikabaki na saa moja ambayo sijawahi kuifungua,
inayogonga ndani ya mbavu bila haraka.
Nikaisikiliza kifundi, nikitafuta kasoro,
nikalala kabla sijaipata.

Nilitikiswa bega. Jua limeshafika kabatini.
Midomo ya Aikande ilikuwa inasema kitu;
nikachomoa.
"Mvua imenyesha usiku kucha," alikuwa anasema,
"ndoo zimejaa, umeme ulikatika ukarudi.
Na saa nane nilikuita."

Kulikuwa na nini?

"Hakuna. Niliota vibaya."
Akakunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.
"Nimezoea nikishtuka wewe uko macho.
Sikuulizi kitu. Nasikia tu unavyogeuka,
narudi kulala."

Siku ile nilikaa na saa ya mwalimu mmoja mkononi
mpaka chai ikapoa.
Miaka kumi na minane namwonea pono wivu,
kumbe pono ana mlinzi,
na mlinzi hajui kama ameajiriwa.

Sasa navaa kimoja, cha kushoto,
upande wa dirisha. Pasua inikute huko,
ibishe hodi kwenye sponji ikichoka iende.
Cha kulia nimekitia kwenye kopo la skrubu,
kati ya mishale ya dakika na vioo vilivyopasuka.
Sikio la kulia liko wazi, kwake.
Anapumua, anakoroma kidogo (anakana),
mara chache anashtuka,
nami nageuka, kitanda kinalia,
inatosha.

Nalala nusu, basi. Siku nyingine robo.
Jana usiku panya alipita juu ya dari.
Nilimsikia vizuri, mpaka kucha zake.
Nikamwacha aendelee na safari yake.