Baki Si Sifuri

Anza na nne. Izidishe kwa yenyewe, toa mbili:
kumi na nne.
Izidishe kwa yenyewe, toa mbili:
mia moja tisini na nne.
Endelea hivyo mara milioni kumi na tatu na ushei,
na kila ikifura kupita kipimo igawe, tupa jibu, shika baki,
mpaka theluji ya Kajaani ifikie kizingiti cha dirisha.

Kompyuta inakaa chumba cha cherehani.
Soksi za sufu za Aune Heikura
hukaukia mgongoni mwake, na paka keshahamia huko.

Namba yenyewe si ngumu kuitaja:
mbili kwa kipeo fulani, kisha utoe moja.
Kwa hesabu ya mashine ni moja, moja, moja,
misonobari wima ndani ya theluji,
wala hakuna sifuri hata moja ya kupumzishia jicho.
Kwa tarakimu zetu ni milioni nne, na ya mwisho ni saba.
Aune alikuwa karani wa kiwanda, karatasi anazijua.
"Rimu tatu kasoro," alisema, "upande mmoja."
Hakuipiga chapa. Aliona ni kuringa.

Siku ya kumi na nne umeme ulikatika.
Uliporudi, mashine ilikumbuka ilipoishia,
yeye akabaki amesimama jikoni na mshumaa mkononi,
hakumbuki alikuja kuchukua nini.

Siku ya kumi na tisa jibu likatoka: baki si sifuri.
Basi si namba tasa.

Reino Tolvanen wa jirani alikuja kuazima sepetu.
"Inagawanyika?"
"Inagawanyika."
"Kwa ngapi?"
"Sijui. Hakuna ajuaye."
Reino akavua kofia, akaivaa tena.
"Unaniambia chini ya barafu kuna samaki
na hujavua hata mmoja."
"Mashimo yote niliyotoboa yalikuwa matupu.
Lakini wamo. Na hawapungui wawili."

Kwao namba isiyogawanyika huitwa namba ya mwanzo.
Ni sisi tulioiita tasa,
neno ambalo mwaka wa sabini na nne daktari mmoja wa Oulu
alimwambia Aune kwa lugha yake,
macho yake yakiwa kwenye kalenda ya ukutani.
Sitaki kulifanya fumbo. Aune mwenyewe angenikatiza:
namba haina uchungu, angesema, ina vigawo tu,
nipishe nifunge dirisha.

Anachojua ni kidogo, ila anakijua sawasawa.
Kila kigawo cha hii namba ni witiri.
Kila kigawo, ukikigawa kwa nane, hubakiza moja au saba;
wenye kubakiza tatu au tano si wa ukoo huu,
hata wakibisha hodi wasifunguliwe.
Wadogo wote wenye sifa hiyo wamejaribiwa,
mpaka wa tarakimu ishirini. Hakuna.
Na yenyewe, ukiigawa kwa nane, hubakiza saba.
Kwa hiyo ikiwa imezaliwa na wawili tu,
mmoja hubakiza moja, mwenzake saba.
Pacha hawawezi kuwa.
Hajawaona, hajui urefu wao, hajui wanaanza na tarakimu gani,
lakini kwamba hawafanani
anaweza kukuapia mbele ya kasisi.

"Hilo nalo linasaidia nini?" Reino aliuliza, sepetu begani.
Aune alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa adabu.
"Halisaidii," alisema. "Lakini ni hivyo."

Aliandika kwenye daftari la matumizi,
chini ya maziwa na bili ya umeme: *inagawanyika*.
Usiku ule mashine ilipoa, soksi zikalala mbichi,
paka akarudi kitandani kwa shingo upande.
Asubuhi, kabla ya kahawa, akaipa kipeo kingine.