Kijipembe

Umeme wa Katindo haupigi hodi.
Saa moja na dakika tisa, haupo.
Saa moja na dakika kumi, upo.
Katikati hakuna mteremko, ni ukuta tu.

Kasoki alitaka kuuchora ukuta huo kwa mawimbi,
vitu visivyo na kona hata moja.
Ubao wetu: mawe meusi nyuma ya karakana ya Mupenzi,
lava iliyopoa, inayokula chaki kuliko darasa zima.

"Kwanza hili kubwa," alisema, "la uvivu,
kama mgongo wa Kivu kabla ya upepo."
Kisha la kasi mara tatu, kimo theluthi.
Mara tano, humusi.
Mara saba, subui.
Kadiri yalivyofupika ndivyo yalivyokimbia.

Yakijumlishwa, yakaanza kusimama wima.
Mgongo ukalala bapa.
Nikapiga makofi.
Mapema mno.

Maana juu, ukingoni kabisa, palichomoza kijipembe,
tisa kwa mia ya mruko wote.
Tukaongeza, yakafika ishirini:
kikasogea ukutani, kikakonda, kimo kilekile.
Hamsini: sindano. Kimo kilekile.
Mupenzi, akilehemu redio, akauliza
hilo ni deni la nani lisilopungua.

Na pale penyewe, mstari unaporuka,
jumla haichagui upande.
Hupita katikati, nusu giza nusu taa,
mahali ambapo umeme wetu
haujawahi kukaa hata siku moja.

Usiku nilimsikiliza mama.
Mwaka wa lava anausimulia kwa vitu laini:
harufu ya mabati ya moto, kandambili moja,
jirani aliyebeba mlango wake kichwani.
Kila mwaka anaongeza kingine, kidogo zaidi,
na ukuta unasimama vizuri zaidi,
asubuhi tuna nyumba, jioni hatuna.
Lakini akifika kwenye cherehani
aliyoiachia mikononi mwake mwenyewe,
sauti inapanda kupita kiasi.
Zamani ilipanda kwa saa nzima.
Siku hizi kwa neno moja tu.
Kimo kilekile.

Nilikuwa nikimkatiza: mama, basi.
Sasa nangoja.
Inashuka, inapanda kidogo,
inashuka, kidogo zaidi,
hadi mstari unalala,
naye ananiuliza kama chumvi bado ipo.