Ujuzi Mwingine (Kama Upo)

Fomu ina kurasa nne, nimejaza tatu na nusu
kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima kama zinakaguliwa.
Jina: Sechelela Yaledi.
Kuzaliwa: Kibaigwa, mwaka wa njaa (njaa sikuiandika).
Elimu. Wadhamini. Namba ya mtu ambaye simu yake inakaa na chaji.
Kisha nukta, mstari mzima wa nukta,
kama nyayo za kuku kwenye vumbi:
Ujuzi mwingine (kama upo).

Nimekwama hapo tangu saa tatu.
Benchi la halmashauri, Kongwa. Upepo unapigapiga bati lililolegea.

Ningekuwa kaka yangu Nyemo ningeandika:
napiga mwayo, na punda wa jirani anapiga wa kwake,
na wa jirani wa jirani, hadi punda wa mtaa mzima
wameachama saa nane mchana.
Aliwahi kushinda soda mbili kwa jambo hilo.
Mwalimu mkuu alimchapa kwa jambo hilohilo,
maana naye alipiga mwayo mbele ya mkaguzi.

Shangazi Mbeleje hushika karanga ngumi moja, haangalii,
anasema arobaini na tatu. Unahesabu: arobaini na tatu.
Siku moja zikatoka arobaini na nne.
Tulimzomea mpaka mbuzi wakakimbia.
Akachagua moja, akaipasua kwa ukucha: funza.
"Hii si karanga," akasema, "hii ni nyumba ya mtu."

Baba hakuwa na kitu. Ndivyo tulivyodhani.
Alifunga magunia sokoni, gunia kwa gunia, mpaka jua linazama.
Fundo lake hulifungui kwa kucha, hulifungui kwa meno;
yeye akivuta ncha moja, kwa vidole viwili tu,
gunia hufunua mdomo kama mtu aliyekumbuka jambo.
Alituonyesha? Alituonyesha. Hatukuangalia.
Limebaki gunia moja la alizeti pembeni ya kitanda cha mama.
Panya wametoboa chini, mbegu zimekwisha kitambo,
juu bado limefungwa.
Mama ana kisu. Mama ana visu vitatu.

Na mimi?

Mimi nasikia dumu likijaa.
Maji huja saa tisa usiku, yakija.
Foleni ndefu, mwezi hakuna, tochi zimekufa betri,
nami nimesimama bombani nimefumba macho.
Yanaanza kwa sauti nene, ya tumboni,
yanapanda, yanakuwa sauti ya kijana, ya mtoto,
kisha filimbi nyembamba kabisa. Hapo nasema "toa,"
na tone halimwagiki.
Akina mama huniachia madumu yao wakajilaze kidogo.
Nalijua la lita ishirini, nalijua la kumi,
nalijua la mama Madeje lililopasuka likazibwa kwa moto:
lile lina kithembe.

Lakini utaliandikaje hilo?
Wanatafuta karani wa masjala.
Faili halijai kwa sauti.

"Dada, tunafunga," anasema kijana wa dirishani.
Nampa. Anashuka na kidole ukurasa hadi ukurasa,
kidole kinasimama kwenye nukta.
"Hapa hujaandika."

Nyuma yake, ndani kabisa, mtu amefungulia bomba juu ya ndoo
akaenda zake. Nimekuwa nikiisikia muda wote, bila kutaka.
"Imejaa," nasema.
"Haijajaa, dada, ndiyo nakwambia, hapa patupu."
"Ndoo."

Anageuka. Anakimbia.
Nasikia bomba likifungwa, nasikia kimya,
kimya cha maji yaliyovimba ukingoni na hayajamwagika.

Anarudi, mkono umelowa, anashika fomu yangu hivyohivyo,
ananitazama masikio, la kulia, la kushoto.
Penye nukta pameingia maji.