Barua Ndani ya Soksi za Monga

Mama wa Mwelwa, hatujaonana.
Nakuandikia juu ya meza ya cherehani, hapa Katuba.
Umeme umekatika tangu jioni
na mshumaa ni huu mmoja, basi nitakwenda haraka.

Mwanao alishuka kwenye basi la Kasumbalesa
na wenzake kumi na mmoja, kila mtoto na kadi shingoni:
jina, aina ya damu, familia ya kumpokea.
Jina langu walilikosea. Sikusema kitu.
Nilimshika mkono, ulikuwa na unga wa biskuti.

Shule ilitupa karatasi yenye masharti saba.
La tatu: mezani mtoto asemeshwe Kifaransa tu.
Tukatii. Siku tatu tulikula bukari kimya kama tuko kilioni,
maana Kifaransa cha baba Monga ni cha kiwandani,
kinajua bolti, kinajua hatari, kinajua usiguse,
hakijui kumuuliza mtoto kama ameshiba.

Siku ya nne Mwelwa akavunja sheria.
"Umucele," akasema, akionyesha sombe kwa kidole.
Monga akakimbilia stoo, akarudi
na kikombe cha mchele mbichi, akamwekea mbele polepole
kama anayempa mgonjwa dawa.
Mtoto akautazama mchele. Akatutazama sisi.
Akachukua punje moja, akaitafuna, kwa adabu.

Ni mimi niliyecheka kwanza, na ni mimi niliyelia,
kwa sababu umucele ni chumvi,
na neno hilo nililijua
kabla sijajua kuvaa viatu:
bibi yangu wa Sakania alilitamka
akiwa amechuchumaa mbele ya sufuria, akionja.
Miaka thelathini na sita sijalisikia.
Nilidhani tulilizika naye.

Basi ile karatasi nikaikata, nikaifanya kielelezo cha kola.
Mwelwa alizidi kuleta Kifaransa kutoka darasani,
kizito kuliko begi lake.
"Kwa nini meza ni mwanamke?"
Baba Monga akajibu: kwa kuwa inabeba chakula na hailalamiki.
Nikamtazama.
Nikaendelea kumtazama
hadi akainuka kuosha sahani.

Kuna usiku mmoja hawakukuambia.
Malaria. Nilimwomba mwalimu asikutie hofu,
na dawa tulikuwa nazo.
Saa nane akaita: mayo, mayo.
Hakuwa ananiita mimi, najua.
Nikaitika.
Unisamehe kwa hilo, giza lilikuwa kubwa
na wewe ulikuwa ng'ambo ya mpaka na malori yake yote.
Nikamwambia lala,
na hilo moja halikutaka mkalimani,
kwenu lala, kwetu lala,
hupita Kasumbalesa bila kugongewa muhuri.

Nakurudishia mwanao ameongezeka kidogo.
Upindo wa sketi nimeushusha vidole viwili.
Kifaransa chake ni kizuri, mwalimu atakuandikia.
Kiswahili chake ni cha Katuba, usishangae:
akigombana ndiyo kinanyooka.

Sasa zamu ni ya Monga, miezi mitatu kwako, Kitwe.
Ana miaka tisa na hajawahi kulala peke yake.
Atakuambia haogopi mbwa. Anaogopa.
Bamia hali, ila wakila wengine atakula.
Akikumbuka nyumbani hasemi, anatafuna kucha,
hapo mpe kazi yoyote ya mikono,
hata kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.
Akiita usiku, atasema mama.
Nawe itika.

Na akikuomba mchele, usimpe chumvi.
Au mpe chumvi kwanza,
uuone uso wake,
kisha uniandikie.