Mama Povu

Sisi wa kituo cha pampu tulimwita Injinia Nsimire:
mikono grisi tupu, kalamu kaichomeka kwenye nywele.
Presha ikishuka Ndosho, alijua kabla simu haijalia.
Aliandika ripoti juu ya mazuku,
kurasa kumi na moja, majedwali, muhuri,
na saini ya mkurugenzi ambaye hakusoma.
Ripoti ikalala kwenye droo.
Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Kisha, kule njia ya Bulengo,
mtoto alimfuata mbuzi wake bondeni,
wakakutwa wamelala ubavu kwa ubavu,
hana jeraha, hana hata mchubuko.
Matangani watu wakanong'ona jina la bibi mmoja jirani.
Nsimire akasimama, akaeleza: gesi, msongamano, asilimia.
Wakaitikia kwa adabu,
kama waumini wanavyoitikia misa ya Kilatini.
Mama wa marehemu peke yake ndiye aliyeuliza:
"Hewa ina uzito, binti yangu? Nionyeshe."

Nionyeshe.
Neno hilo ndilo lililomharibia kazi.

Jumamosi tukatua Birere na beseni, magadi, siki,
mishumaa mitatu juu ya mawe meusi tuliyoyapanga ngazi,
chukudu la kukodi ndiyo meza.
Upepo wa ziwa ukaizima yote kabla hajafungua kinywa.
Lo, kicheko!
Muuza sambaza akapaza sauti:
"Injinia, kupuliza hata mimi naweza!"
Nilitamani lava initoke chini ya miguu; kiberiti nilikishika mimi.
Yeye alicheka kuwapita wote,
akamwita yuleyule mama wa sambaza aje awe ukuta,
akinge upepo kwa upana wa kitenge chake.

Povu likapanda, likatulia.
Akaliinamisha beseni taratibu, kama anayemimina chai,
na hakikuonekana kitu kumwagika.
Mshumaa wa chini ukazimika.
Wa kati ukazimika.
Wa juu ukabaki unawaka,
na soko la Birere, lisilonyamaza hata kwa risasi,
likanyamaza.

"Wa chini ni mbuzi," akasema.
"Wa kati ni mtoto.
Wa juu ni wewe, mwenye mbuzi,
umesimama unatafuta mchawi."

Mwezi wa nne akarudisha funguo za kituo.
Mama yake akaja kutoka Kabare, akanikuta zamu:
"Niliuza ng'ombe wawili kwa diploma ile.
Leo mwanangu anachezea siki sokoni?"
Sikuwa na jibu. Nilisingizia presha.

Siku hizi watoto wa Majengo humwita Mama Povu,
humkimbilia kabla hajashuka kwenye pikipiki.
Na bibi yule, yule wa minong'ono,
ndiye anayemtunzia mishumaa, ndiye anayeihesabu,
hakubali mtu mwingine aiguse.

Jana nikitoka zamu, njia ya Mugunga,
nilimwona msichana, kidumu kitupu mkononi,
mdogo wake anamburuzikia nyuma.
Walipokaribia bonde, bila kuambiwa na mtu,
akamwinua, akamketisha mabegani:
"Sasa wewe ndiwe mshumaa wa juu,"
wakazunguka kwa kingoni, wakicheka.

Asubuhi nimefungua droo.
Kurasa kumi na moja, nyeupe, zimenyooka,
hazina hata alama ya kidole.