Mchukuzi wa Udongo, Kibiro

Asubuhi nabeba udongo, Abwooli,
kutoka bustani yako ya chumvi hadi jungu la kuchujia.
Chumvi haiulizi njia. Inapita kovu la bega,
inashuka lile la mbavu, refu kama kijito,
na kila siku inauma upya, kama mdai
asiyeamini kwamba nimeshalipa.

Uliniuliza mara moja tu: nani alikuchora hivi?
Nikasema, ng'ombe.
Ukacheka. Hakuna ng'ombe, ukasema,
mwenye pembe zinazojua kurudia mstari.

Haya basi. Sikiliza huku unachochea moto.

Tulichimba handaki juu ya mto Katonga,
kina chake watu wawili, mmoja mabegani mwa mwenzake.
Tuliambiwa ng'ambo wako watu wa ukungu,
hawana damu, hawana mama, wanameza mwezi.
Na kweli mwezi ulikosa kutoka siku tisa;
nilihesabu mwenyewe.
Tuliambiwa ngoma ya mfalme hujipiga usiku
inapotaka vita. Tuliisikia.
Mganga akatupaka majivu ya mti uliopigwa radi,
akaapa chuma kitateleza juu yetu
kama mvua juu ya jani la mgomba.

Kiliteleza, ndiyo.
Kiliteleza kikaingia.

Bagadira alinishika kifundo cha mguu
akiniita kwa jina la mapenzi, Araali, Araali,
kana kwamba tuko mlangoni kwa mama yake, tunaamkiana.
Nilimvuta hatua arobaini.
Halafu uzito wake ukabadilika.
Nikaendelea kuvuta.

Na yule wa ukungu niliyemuua mimi
alikuwa na udongo wa mfinyanzi chini ya kucha.
Ukungu ulimtoka mdomoni kama mvuke wa uji,
ukaisha. Chini yake damu,
nyekundu, ya kawaida, nyingi.

Nilirudi bomani kudai ng'ombe wangu wawili.
Walinzi walikuwa wamelewa. Nikapita
nyuma ya pazia la magome, nikitafuta mtu:
kijana mwenye fimbo, mzee mwenye kamba,
yeyote aliyekuwa akitudanganya.

Hapakuwa na mtu, Abwooli.
Ngoma ilikuwa inajipiga.
Ngozi ikiruka yenyewe gizani, na mfalme
amepiga magoti mbele yake, kamasi zinamtoka,
anaibembeleza inyamaze.

Nilikwenda kutafuta mwongo nimchukie.
Hata huyo nilinyimwa.

Mkuki wangu nilimpelekea Kyaligonza
aufue uwe kikwanguo chako.
Alivukuta siku mbili; haukukubali kuwa mwekundu.
Akanirudishia, hakutaka malipo,
na mhunzi asiyetaka malipo ni habari mbaya.
Sasa umeshikilia paa la kibanda chako.
Hutoka jasho mvua ikiwa mbali bado,
na watoto wa jirani huja kuugusa
wajue kama waanue udongo.
Ndiyo kazi pekee ya maana
niliyowahi kuuona ukifanya.

Juzi mjumbe alishuka gengeni na pembe yake,
vumbi hadi kope. Anamtafuta mtu, alisema,
mwenye kovu refu la mbavu.
Ngoma imeanza tena.

Nilikuwa nyuma ya majungu, mzigo kichwani,
shingo imekakamaa.
Wewe hukuinua uso. Ulionja maji ya chumvi kwa kidole,
ukatema, ukamwambia:
"Hapa pana mchukuzi tu,
na ana deni langu la mizigo kumi na saba."

Sina deni lako. Nilihesabu usiku kucha
kwa vidole, kwa vijiti, kwa makovu.

Alfajiri nikashika kapu,
nikaanza na wa kwanza.