Ufunguo wa Friji

Ulizaliwa saa tisa na robo usiku wa Jumamosi,
mvua ikitwanga mabati ya zahanati huku Kariobangi,
na kabla sijakuhesabu vidole
niliitazama saa ya ukutani.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne
muuguzi alipoikunja karatasi mara mbili, akaniambia:
Homa ya ini, aina ya B. Imo damuni mwako.
Nikamjibu, mbona siumwi?
Akasema ndiyo tabia yake:
mpangaji asiyepiga kelele, asiyechelewesha kodi,
mpaka siku nyumba iporomoke.

Bibi yako akanitengea kikombe,
cha bati, chenye ua jekundu.
Kilinikata maini, lakini nikakinywea.
Ni baba yako, Musyimi, aliyekichukua jioni moja,
akanywa chai yote mbele ya mamake, akajipangusa masharubu:
Haipiti hapa, mama. Hupita kwenye damu.
Wembe ndio hatushiriki.
Kesho yake akaenda kupimwa, akachanjwa.
Mimi, tangu mwezi wa saba, kidonge kimoja kila usiku,
nawe ukinipiga teke kana kwamba ni kichungu kwako.

Sasa umefika, na friji ya chanjo imefungwa.
Ufunguo anao Wafula, na Wafula yuko kesha Dandora,
simu yake inaita tu.
Tusubiri Jumatatu, akasema mfagiaji.
Chelagat, mkunga, hakumjibu.
Ni saa ishirini na nne, alininong'onezea,
na tatu tumeshazila.
Akavaa gambuti juu ya soksi za sare, akatoka mvuani.

Saa nne asubuhi akarudi,
tope hadi magotini,
ufunguo ukining'inia kidoleni kwa utepe wa buluu.

Ulipochomwa pajani ukalia kwa hasira ya mtu mzima.
Nikacheka. Wa kitanda cha pili akanishangaa.
Nimnyonyeshe? Mnyonyeshe, akasema Chelagat,
huku akiandika kwenye kijitabu:
wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne.
Kisha, ukishatimiza miezi tisa, utapimwa,
na siku hiyo ndiyo nitakayolala.

Chukua pengo langu la meno, chukua ukaidi wangu,
chukua hata madeni ya duka.
Hiki kimoja nakunyima.

Bibi yako ameingia na uji.
Ameuonja kwanza, kama umepoa,
kwenye kikombe chenye ua jekundu.